Kitabu cha Mbali, Jiko la Kisumu: Mwongozo Kamili wa Kupika Mapishi ya Mimea Tupu

Kitabu cha mapishi ninachokitumia kuliko vyote kilipigwa chapa Uingereza, na kurasa zake za katikati zimeshikamana kwa mafuta na manjano kwa sababu kimekaa kando ya meko yangu hapa Kisumu kwa miaka mingi. Mapishi yake yote ni ya mimea tupu: hamna nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Mlo wa namna hiyo huitwa wa kivigani, kutokana na neno lililobuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake walioanzisha chama chao mwaka huo huo, ingawa nyanya zetu wa Siaya na Vihiga walikuwa wakipika nyoyo (mahindi na maharagwe), viazi vitamu, kunde na njugu siku nyingi za juma bila kuupa mlo huo jina lolote.

Tatizo la kitabu kama hicho ni kwamba kiliandikwa kwa ajili ya jiko la mtu mwingine. Kinachukulia kwamba una oveni, kwamba korosho ni kitu cha kila siku, na kwamba maharagwe yaliyoiva hutoka kwenye mkebe. Anayekifuata neno kwa neno humaliza pesa za wiki kwa chakula cha siku moja, na anayekiweka rafuni kwa kukata tamaa hukosa maarifa mengi mazuri. Njia niliyoishika mimi ni ya kuuliza swali moja kabla ya kutafuta kitu chochote: kitu hiki kinafanya kazi gani ndani ya sufuria? Ukiijua kazi, jina halitakusumbua, kwa kuwa karibu kila kazi ina mfanyakazi wake katika masoko yetu.

Soma kwa penseli kabla ya kuwasha moto

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, kaa mezani na kitabu chako na usome ukurasa wote mara mbili. Mara ya kwanza tafuta saa. Maneno "maharagwe yaliyoiva" hukaa kimya katika orodha ya mahitaji, kumbe yamebeba saa 8 au 12 za kuloweka na saa nyingine mbili za kuchemsha. Mara ya pili, andika kwa penseli kando ya kila kitu kazi yake: mafuta, uzito, uchachu, utamu, kushikanisha, kuumua, harufu, au ile ladha nzito inayofanya mchuzi uonekane kama una nyama.

Nichukue mfano wa ukurasa mmoja ninaourudia sana, wa spinachi iliyopikwa kwa krimu ya korosho. Unataka gramu 500 za spinachi, gramu 100 za korosho zilizolowekwa, kitunguu, nusu limau, vijiko viwili vya chachu kavu ya lishe na kungumanga kidogo. Kando ya spinachi niliandika "majani". Kando ya korosho, "mafuta na uzito". Kando ya limau, "uchachu". Kando ya chachu, "ladha nzito". Na kando ya kungumanga, "harufu". Baada ya hapo ukurasa ulikuwa umekwisha kuwa wa Kisumu. Majani ni managu na kunde. Mafuta na uzito ni njugu karanga au simsim. Ladha nzito hutoka kwa kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa hudhurungi, au kijiko cha sosi ya soya, au uyoga mkavu uliosagwa. Tafadhali usichukue hamira ya mkate badala ya chachu ya lishe; ile ya lishe imekwisha kuuawa kwa joto, lakini hamira ni hai, na haifai kunyunyizwa mbichi juu ya chakula.

Uhuru huu una mipaka, nayo lazima iheshimiwe. Katika mchuzi unaweza kubadilisha karibu kila kitu, ila katika vitu vya kuoka, uwiano wa unga, maji na kiumushi ndio unaosimamisha keki, na hapo fuata kitabu kwa vipimo ingawa umebadilisha vitu vyenyewe.

Kuhusu vipimo, mambo ni machache. Kikombe cha kitabu cha Marekani ni kama mililita 240, na kikombe cha vitabu vingi vya nchi nyingine ni mililita 250. Tofauti hiyo ni ndogo, ila usitumie kikombe chako cha chai bila kukipima kwanza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani ni 15. Aunsi moja ni gramu 28, ratili ni gramu 454. Joto la 350 kwa kipimo cha Farenhaiti ni karibu 180 kwa Selsiasi, na 400 ni karibu 200. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia zaidi ya hesabu hizi zote, hasa kwa kuwa sokoni tunanunua kwa fungu na kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na fungu la Januari wakati wa ukavu si fungu la Aprili wakati mvua imenyesha.

Sokoni: majina, na wanyama waliojificha

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, nami huenda mapema kabla jua halijanyausha majani. Huko majina ndiyo yanayopoteza watu. Kitabu kikitaja dengu ndogo za rangi ya machungwa zinazoiva haraka, sokoni uliza kamande nyekundu. Ndengu zetu za kijani ni kitu kingine, zinaiva polepole na zina ganda. Zile dengu kubwa za mviringo, ambazo vitabu vya kivigani vinazipenda mno, hupatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya Wahindi katikati ya mji, na hapo hapo utapata unga wake, manjano, uzile, iliki, ukwaju na mvuje. Wahindi wa Kisumu wamekuwa hapa tangu enzi za kujengwa kwa reli, na wengi wao hawali nyama kabisa, kwa hiyo muuzaji wa duka kama hilo ni mwalimu mzuri kuliko kurasa nyingi za kitabu. Mwulize tu, hupenda kuulizwa.

Kwa mboga, jifunze kutazama shina. Mama mmoja ninayenunua kwake aliwahi kunisahihisha nilipokuwa nikichagua managu kwa ukubwa wa jani.

"Mama, haya yamechumwa leo?"

"Asubuhi hii, mwanangu. Usiangalie jani, vunja shina. Likikatika kwa mlio na likatoa maji, ni ya leo. Likipinda, hayo yamelala."

Tangu siku hiyo navunja shina, na sijapata tena managu yaliyokuwa machungu kupita kiasi kwa sababu ya kukaa.

Njugu karanga zichague kwa macho na pua. Acha zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo, kwa maana ukungu wake unaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Nunua zilizokauka vizuri, uzichambue mwenyewe nyumbani juu ya ungo.

Kisha kuna bidhaa za wanyama zinazoingia bila kubisha hodi. Majarini nyingine zina maziwa, unga wa kutia ladha kwenye mchuzi mara nyingine una mafuta ya ng'ombe, na mkate wa maziwa ni wa maziwa kweli. Soma maandishi madogo ya pakiti. Kwa sisi tulio karibu na ziwa, mgeni mkubwa ni omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Unga wa uji wa kuchanganya mara nyingi huwa na omena iliyosagwa, jambo jema kwa mtoto anayehitaji, lakini silo ulilokusudia. Wakati fulani nilipeleka wimbi na soya safi kabisa kwenye mashine ya kusaga, nikapika uji jioni, na mvuke wa kwanza ukanipa harufu ya samaki: aliyenitangulia alikuwa amesaga omena na mashine haikusafishwa. Siku hizi huuliza kwanza ni nini kilichosagwa muda huo, na nikiona shaka husubiri mtu mwenye mahindi apite mbele yangu.

Mboga za majani kwa tui la njugu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu anayeuweza upishi huu anaweza nusu ya kitabu. Kwa desturi ya huku, managu, saga na mitoo hupikwa na maziwa au krimu, kisha huachwa zilale ili uchungu ulegee. Mafuta ya maziwa ndiyo yanayofunika uchungu. Njugu zina mafuta mengi pia, na ndiyo maana nyumba nyingi za magharibi zimekuwa zikitia njugu au simsim katika saga muda mrefu kabla ya kitabu changu kuandikwa.

Kwa watu wanne, andaa nusu kilo ya majani yaliyokwisha kuchambuliwa, theluthi mbili zikiwa managu na theluthi moja kunde changa, gramu 100 za njugu karanga, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya mbili zilizoiva, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti, chumvi, nusu ndimu, na maji ya moto mililita 400 ambayo utayatia kidogo kidogo.

Anza na njugu. Zikaange kwenye karai kavu kwa moto mdogo, ukizigeuza muda wote, mpaka ganda lake jekundu lianze kupasuka na punje ya ndani iwe na rangi ya mchanga uliolowa. Hii huchukua kama dakika 10, na haina njia ya mkato: moto ukizidi, nje huungua huku ndani bado ni mbichi, na tui lote litakuwa na uchungu wa moshi. Zipoe, uzisugue kwa viganja, upepete maganda, kisha uzitwange kwenye kinu. Kwanza zitakuwa chenga kavu, endelea. Baada ya muda utasikia mlio wa mchi ukibadilika, kutoka kugonga hadi kunyonya, na hapo mafuta yameanza kutoka. Ukiwa na blenda, saga kwa vipindi vifupi na uipumzishe ili isipate joto.

Osha majani mara tatu kwa maji mengi, ukiyainua kutoka kwenye karai badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Chemsha kunde kwanza kwa dakika 5, ndipo utie managu na uendelee dakika 8 hadi 10. Managu yakiwa machanga, usimwage maji yote, kwani sehemu ya vitamini imo humo. Bakisha kikombe kimoja. Lakini kama umetumia saga, onja maji hayo kwanza, na yakiwa machungu sana yaache yaende.

Katika sufuria nyingine, kaanga kitunguu kwa moto wa wastani mpaka kiwe hudhurungi kweli, si njano. Watu wengi wanaoanza mapishi ya mimea hukosea hapa. Hukimbilia nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe, kisha hushangaa kwamba chakula hakina uzito mdomoni. Kipe dakika 12. Tia kitunguu saumu, zungusha mara chache, tia nyanya na chumvi, upike mpaka nyanya zipondeke na mafuta yajitenge pembeni.

Sasa weka njugu zilizotwangwa katika bakuli na uzikoroge na vijiko vitatu vya maji ya moto. Zitashikana na kuwa nzito kama udongo wa kufinyangia, na mtu asiyejua hudhani ameharibu. Endelea kutia maji kidogo kidogo ukikoroga, na ghafla zitalegea na kuwa laini na nyeupe. Mimina katika sufuria, shusha moto, na usiondoke hapo. Njugu hushika chini upesi kuliko maziwa, kwa hiyo mwiko upite kwenye kitako cha sufuria, si juu juu tu. Baada ya dakika 10 hivi utaona vijitone vya mafuta vikielea. Hiyo ndiyo ishara kwamba tui limeiva. Tia majani, changanya, acha kwa dakika 5, epua, kisha kamulia ndimu ikiwa imeshatoka motoni. Kula na ugali wa wimbi na mtama.

Kesho yake ni tamu zaidi. Ukipasha, ongeza maji kidogo, kwa sababu tui huganda likilala.

Mrenda sitauingiza katika tui hili. Una mtelezo wake mwenyewe, na unapendeza zaidi ukipikwa katika sufuria yake kwa dakika chache na kunde na magadi kidogo.

Maharagwe, na suala la mwinuko

Vitabu vingi huandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kisumu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,130, na maji huchemka kwa takribani nyuzi 96. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, ni kama nyuzi 94. Kwa hiyo kitabu kikisema dakika 60 na maharagwe yako bado ni magumu, kosa si lako wala si la maharagwe. Ndugu zangu wa Nakuru huongeza robo ya muda au zaidi, au hutumia sufuria ya presha, ambayo hurudisha joto lililopotea na kulizidisha.

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya. Maharagwe mekundu yachemshe kwa nguvu, maji yakibubujika, kwa dakika 30 kamili kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibu tumbo na ambayo moto mdogo hauivunji. Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayetumia kile kikapu cha kupikia bila moto: kikapu ni kizuri sana na huokoa makaa, lakini maharagwe yaingie humo yakiwa yamekwisha kuchemka hivyo, la sivyo yatakaa katika joto la vuguvugu na sumu yake itabaki. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka maharagwe yawe laini, kwani uchachu hukaza ganda.

Magadi hulainisha haraka kwa kulegeza kile kinachoshikilia chembe za ganda, ila pia huharibu vitamini B1. Ukilazimika kuyatumia, chukua kipande kidogo kama punje ya hindi kwa kilo nzima. Na usiyachukue magadi haya ya kupikia mboga ukayatia katika keki pale kitabu kinapotaka bikaboneti ya kuokea; ni chumvi za ukoo mmoja, lakini magadi ni makali zaidi na keki itakuwa na ladha ya sabuni.

Mimi huchemsha kilo nzima Jumapili, nikagawa sehemu nne katika vyombo, kila kimoja na maji yake, nikagandisha vitatu. Kikombe na nusu cha maharagwe yaliyoiva ndicho kinacholingana na mkebe mmoja wa kitabu. Maji ya kuchemshia dengu kubwa usiyamwage. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji hayo yakipigwapigwa huumuka na kuwa povu jeupe kama la ute wa yai. Vijiko vitatu vya mezani hufanya kazi ya yai moja. Yawe mazito kama ute, na yasipokuwa hivyo, yachemshe yapungue.

Tofu kutoka kwa soya ya magharibi

Tofu ya dukani ni ghali na aghalabu imesafiri mbali, ilhali soya hulimwa katika kaunti za magharibi, na gramu 250 za soya kavu hutosha kupata kipande cha jioni ya familia. Loweka kwa saa 12, suuza, kisha saga na maji lita 2 kwa awamu mpaka upate uji mweupe laini. Mimina katika sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu maziwa ya soya yakipanda hupanda kwa mara moja na kuzima moto. Chemsha huku ukikoroga, na yakishachemka yaache yatokote kwa moto mdogo dakika 15. Usikate muda huu; soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na joto ndilo linalokiondoa.

Chuja kwa kitambaa safi cha pamba na ukamue. Makapi yanayobaki ni chakula pia, na huenda vizuri katika chapati au kababu za viazi. Rudisha maziwa motoni mpaka yakaribie kuchemka, epua, ngoja dakika 5. Changanya vijiko vinne vya mezani vya maji ya ndimu na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, umimine kwa mara tatu, ukikoroga polepole sana kila mara kisha ukiacha. Usikoroge kama unapika uji. Utaona mawingu meupe yakijikusanya na kuachana na maji yenye rangi ya njano hafifu. Funika robo saa. Maji yakibaki meupe, ongeza kijiko kimoja cha ndimu. Teka mawingu hayo kwenye kitambaa kilichotandazwa ndani ya chujio, kunja, weka sahani juu na pakiti ya unga ya kilo 2 juu ya sahani kwa dakika 30. Huliwa siku hiyo au hukaa siku tatu katika friji, ikiwa imezama ndani ya maji yanayobadilishwa kila siku.

Kwa kukaanga, ikate vipande, ikaushe kwa kitambaa, ipakae chumvi na manjano, kisha ikaange bila kuigusa mpaka upande wa chini ujiachie wenyewe. Ukilazimisha kuigeuza mapema itabaki karaini.

Mayai, asali na keki isiyo na oveni

Yai hufanya kazi tatu, na ni vyema ujue ni ipi unayoitafuta. Likiwa la kushikanisha, kama katika kababu, tumia kijiko cha mezani cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, ungoje dakika 10. Au vijiko vitatu vya unga wa dengu na vitatu vya maji. Likiwa la unyevu, ndizi mbivu iliyopondwa, robo kikombe, inatosha. Likiwa la kuumua, siki na bikaboneti huifanya kazi hiyo. Mahali pa asali tia sukari guru, ambayo tunayo tele kwa kuwa huku ndiko kwenye miwa. Ikwangue, uiyeyushe kwa maji kidogo, uichuje.

Kwa keki ya ndizi, ponda ndizi tatu zilizoiva mpaka zikawa na madoa meusi. Changanya na gramu 120 za sukari guru iliyokwanguliwa, mililita 80 za mafuta ya alizeti, na mililita 120 za maziwa ya soya yaliyotiwa kijiko cha mezani cha siki dakika 5 kabla. Pembeni, chekecha gramu 250 za unga wa ngano na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya kuokea na chumvi kidogo. Unganisha kwa mwiko, uache mara unga mkavu usipoonekana.

Kama huna oveni, tandaza mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, upashe moto kwenye jiko la makaa kwa dakika 15, uweke chombo cha keki juu ya mchanga, ufunike na uweke makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi hufanya kinyume chake na keki huungua kitako. Usifunue kabla ya dakika 35. Huiva kati ya dakika 45 na 50, na njiti ikichomwa katikati itoke kavu.

Kwa anayekula hivi kila siku

Chakula cha mimea peke yake hakikupi vitamini B12 ya kutegemewa, hata ukila mboga za aina gani. Anayeacha kabisa vyakula vya wanyama anahitaji kidonge cha B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze na mhudumu wa kliniki kabla ya kubadilisha mlo. Madini ya chuma yamo katika managu, terere na maharagwe, ila mwili huyapokea vizuri zaidi yakiliwa na nyanya au ndimu, na vibaya zaidi yakifuatwa papo hapo na chai. Chai yako ingoje saa moja.

Kitabu chako kiwe na mwandiko wako

Pika kila upishi mara tatu kabla ya kuuhukumu. Mara ya kwanza ni ya kuelewa, ya pili ni ya kubadilisha kitu kimoja tu, na ya tatu ni ya kupima kama badiliko lile lilifaa. Ukibadilisha vitu vinne kwa siku moja hutajua ni kipi kilichoharibu. Andika pembeni mwa ukurasa siku hiyo hiyo, kabla ya kuosha sufuria: soko, kiasi, moto, dakika, na aliyekula alisema nini. Kwenye ule ukurasa wa krimu ya korosho, mwandiko wangu sasa umezunguka pande zote nne, na ulio chini kabisa unasomeka hivi: "Managu ya Kibuye, kunde kidogo, njugu g 100, maji ml 400 yalitosha. Meko ya gesi, moto mdogo kabisa. Kitunguu dakika 12. Mama mkwe aliomba kuongezewa, akauliza nimetia maziwa ya ng'ombe gani. Mara ijayo jaribu simsim g 80."